Desemba Kilema: Sikukuu Inayoanzia Makaburini

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Saa kumi na moja alfajiri, Stendi ya Magufuli pale Mbezi ilikuwa imeshajaa watu wa kaskazini. Mabasi ya Moshi, Rombo na Arusha yamepangana hadi getini, na kila buti lina ubishi wake wa mizigo: madumu ya mafuta ya kula, magunia ya mchele, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, keki ndani ya maboksi ambayo wenyewe wanayapakata mapajani. Nikaona pia ndoo za rangi nyeupe, nyingi tu. Rafiki yangu naye alikuwa na yake miguuni. Nikamuuliza kama wanapaka nyumba sikukuu hii. Akajibu, "Ni ya Babu," kisha akaenda kutafuta chai.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa na Maulidi na Idi, na Krismasi kwetu ilikuwa siku ya kuletewa sahani ya pilau na majirani, nasi tukawarudishia yao siku ya Idi. Kazini Dar es Salaam naona jambo lile lile kila mwaka: ikifika katikati ya Desemba Wachaga wanaomba likizo mmoja baada ya mwingine, hata wale waliozaliwa mjini na Kichaga chao ni cha kuokoteza, na ukiwauliza wanasema tu "nakwenda nyumbani". Nilitaka kujua wanaitwa na nini. Rafiki yangu akasema niende naye kwao Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikae mpaka sikukuu iishe.

Segera barabara inagawanyika, kulia Tanga, kushoto Korogwe na Moshi. Nilitazama kulia mpaka kona ikaficha. Kisha mashamba ya mkonge, wauza matunda wa Mombo, upepo wa Same, na milima ya Upare ikitufuata mkono wa kulia. Reli aliyoijenga Mjerumani kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inakwenda sambamba na njia hii, kwa hiyo watu wa kwetu walianza zamani kupanda huku. Tulishuka Himo jua linazama. Tukapanda Noah iliyojaza watu na ndoo za rangi, tukaanza kupandisha mlima, na kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika hadi nikatoa sweta.

Jumapili, 22 Desemba

Jumapili ya nne ya Majilio. Familia ilikwenda misa ya kwanza, mimi nikawasindikiza na kusubiri uwanjani pamoja na vijana wa bodaboda. Padre amevaa zambarau bado, lakini nje sikukuu imeshaanza: magari yenye vumbi la safari, wanawake wanakumbatiana na kusukumana mabega, wazee wanawauliza vijana "wewe ni wa nani?" na kijana anajibu kwa jina la babu yake, siyo la baba.

Parokia hii ndiyo mama wa makanisa Katoliki ya mlima Kilimanjaro. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kutoka pwani mwaka 1890, na Mangi Fumba, mtawala wa Kilema, akawapa mahali pa kujenga. Kutoka hapa wakaenda Kibosho mwaka 1893 na Rombo mwaka 1898. Walutheri wa misheni ya Leipzig nao walianzia Machame mwaka huo huo wa 1893. Kila mangi alikuwa na wageni wake, na hadi leo ukimwambia mtu wa huku jina la kijiji atakukisia dhehebu: Kilema, Kibosho na Rombo Wakatoliki ni wengi, Machame na Marangu Walutheri ni wengi. Ndoa zimevuruga mpaka huo, na ni vizuri, maana sikukuu imepata njia nyingi za kupitia.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo nimejua habari ya rangi.

Kihamba cha familia, yaani shamba lao la ukoo, kinashuka mteremko kuanzia barabara ya vumbi hadi kwenye mfereji wa maji. Juu ni migomba, katikati ni kahawa, chini ni magimbi na maharage. Nyumba iko katikati, na hatua chache nyuma ya nyumba, chini ya migomba ile ile wanayokula, wamelala wazee wao. Hakuna ukuta wala geti. Mtoto akitumwa kukata jani la mgomba anapita kati ya kaburi la Babu na la baba yake Babu.

Baada ya chai Mzee, baba wa rafiki yangu, alitoa amri kwa sauti ndogo, na watu wote, wahandisi na wauguzi na wanafunzi wa chuo, wakavaa nguo chakavu. Wanaume walifyeka na kusawazisha udongo. Mabinti walisugua vigae. Watoto walipewa brashi na zile ndoo, wakapaka misalaba na kingo za saruji. Mtoto mmoja aliyezaliwa Dar, darasa la pili, aliuliza mbona jina la kaburini ni lake. Mzee akaacha jembe, akachuchumaa, akamweleza yule mtu alikuwa nani: alipanda kahawa ipi, alichimba na nani tawi la mfereji, alipenda chakula gani, alikuwa mkali kwa jambo gani. Maelezo yalichukua muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza. Pembeni watu wazima waliacha kazi wakasikiliza, na nadhani baadhi yao walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza.

Hapo nikaanza kuelewa. Kanisa limewapa watu hawa tarehe, kihamba ndicho kilichowapa sababu. Noeli ingeweza kusherehekewa Dar, kuna makanisa na mbuzi wanapatikana. Lakini huwezi kuwapaka rangi wazee wako ukiwa Kimara.

Nyuma ya jiko wanawake walikuwa kwenye mbege, pombe ya ndizi. Kazi ilianza siku kadhaa kabla hatujafika: ndizi mbivu zimemenywa, zimechemshwa kwenye sufuria kubwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zikae. Leo wanakamua maji yake na kuyachanganya na uji wa ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Kuna pia gome la msesewe la kuupa uchungu kidogo. Mama alinieleza kila hatua kwa uangalifu, akijua sitakunywa, na akanitengea bakuli la uji wa ulezi mtamu kabla haujachanganywa na kitu. Akasema mgeni hawezi kukaa karibu na moto wa sikukuu mikono mitupu.

Jumanne, 24 Desemba

Asubuhi Mzee aliniita nje, tukasimama kando ya banda. Mbuzi walikuwa wawili. Akasema, "Mwanangu, huyu mmoja wewe ndiye utatuchinjia."

Ni desturi ambayo wengi wetu tunaijua bila kuitangaza. Familia ya Kikristo ikiwa na shughuli humtafuta Mwislamu achinje, ili atakayeingia asiulize nyama imetoka wapi. Hapa Kilema kuna wakwe kutoka Ugweno na jirani mmoja dereva wa lori ambao ni Waislamu, na kesho watakuja. Nikatawadha, nikanoa kisu mwenyewe, nikamwelekeza mbuzi kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu. Watoto walikuwa wamekaa kimya wakiangalia. Damu ilimwagika ardhini, na hakuna aliyekinga bakuli.

Mbuzi wa pili alikuwa wa ukoo, wa kisusio. Kisusio ni supu ya mbuzi inayotiwa damu, na kwa wazee wa hapa sikukuu bila kisusio haijakamilika. Mzee alinieleza kwamba zamani mnyama wa ukoo alizibwa pumzi, damu isipotee hata tone. Siku hizi anachinjwa na damu inakingwa. Masufuria yakatengwa, vijiko vikatengwa, na Mama akaweka mlinzi wa sufuria langu, binti wa miaka kumi aliyeichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko askari. Nilikula nyama ile kwa moyo mweupe. Watu wanaopanga sufuria mbili kwa ajili ya wageni watatu wamenifundisha heshima kuliko hotuba nyingi za maelewano ya dini nilizohudhuria.

Kisha ugawaji. Mzee alikalia kigoda, nyama ikatandikwa juu ya majani ya mgomba, naye akawa anaita. Kila ukoo wa mlimani una utaratibu wake. Katika ukoo huu kidari ni cha wazee wa kiume, mgongo ni wa kina mama, mkono unakwenda kwa baba mkubwa, na kipande kingine kwa shangazi aliyeolewa Marangu, hata kama jirani yake kachinja mbuzi watano. Aliyefariki na kuacha wajane na watoto, fungu lake linaitwa kwa jina lake, na mwanawe anasimama kulipokea. Kijana wa chuo alisema kwa sauti ya chini kwamba ingekuwa rahisi kupika yote pamoja. Rafiki yangu akamjibu kwamba hapo ndipo wanapohesabiana: fungu lisiloitwa ni mtu aliyesahauliwa.

Mafungu yalipokwisha lilibaki moja juu ya jani. Lilikuwa la baba mdogo, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, umbali wa kurusha jiwe. Hakuja. Mzee alilifunga lile fungu mwenyewe, akalitundika jikoni, akanyamaza.

Usiku wote wakaenda misa ya mkesha. Bibi, mama yake Mzee, hawezi tena kupanda kilima cha kanisani, nami nikabaki naye karibu na moto. Kengele zilipolia alifanya ishara ya msalaba, kisha akaniuliza kwetu tunafunga mwezi gani. Nikamwambia unahama, kila mwaka unasogea nyuma kama siku kumi na moja. Akafikiri, akasema basi mfungo wetu unatembelea misimu yote, wao Kwaresima yao daima iko mlangoni mwa masika.

Akanihesabia mwaka wao wote. Pasaka, alisema, ni sikukuu kubwa kuliko Noeli kanisani, lakini mlimani ni ya walioko: mvua zinanyesha, njia zinateleza, wa mjini hawaji, wazee wanaimba Aleluya wenyewe. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, wanaombea makaburi, na wanaofanya hivyo ni wale wale waliobaki na majembe. Mavuno yanapelekwa altareni. "Mwaka mzima tunautunza sisi," alisema. "Desemba tunawakabidhi."

Nikamuuliza kwa nini iwe Desemba. Jibu lake lilikuwa kahawa. Kahawa ya huku huanza kuiva kama mwezi wa saba na kuvunwa mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Enzi za ujana wake, chama cha ushirika cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, ndicho kilichonunua, na malipo yakiingia ndipo watoto waliposhonewa nguo mpya, ada ikawekwa pembeni, mabati yakanunuliwa, mbuzi akafungwa. Noeli ilikuta nyumba ina fedha. Mlima ndio uliowasomesha hawa wahandisi na wauguzi. Sasa kahawa imezeeka, vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande, na fedha ya Noeli inapanda na basi kutoka Dar. Bibi hakulisema hili kwa kulalamika, ila alisema mara mbili kwamba mtoto anayeleta sukari si sawa na mtoto anayeuliza kahawa imepaliliwa na nani.

Jumatano, 25 Desemba

Misa tena, na safari hii hata vijana wa bodaboda waliingia. Ngoma na vigelegele vilifika hadi barabarani. Mchana ukawa wa kula: mtori, machalari, kiburu, pilau ya watu wa mjini, nyama ya kuchoma. Wakwe wa Ugweno walifika saa saba na kanga mpya kwa ajili ya Bibi. Tukaswali Adhuhuri pamoja kwenye chumba ambacho Mama alikuwa amekifagia na kutandika mkeka bila kuambiwa.

Mbege ilitolewa kwa kata. Aliyeipika ndiye aliyeionja kwanza mbele ya watu, kisha Mzee, kisha ikazunguka kwa umri. Hakuna anayejimiminia. Nilipenda kuona profesa mmoja, mtu anayeheshimiwa sana mjini, akisubiri zamu yake nyuma ya binamu anayeuza mkaa, kwa kuwa binamu kamzidi miaka miwili.

Jioni, kama saa kumi na moja, mazungumzo yalikatika. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kihamba, hajavuka. Mkononi alikuwa na jani la sale.

Lazima nieleze. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda mpakani. Ukiona mstari wa masale, hapo kihamba cha mtu kinaishia. Mmea huo huo ndio unaobebwa na mtu anayekuja kuomba radhi. Anayeletewa sale na akakataa, jamii yote inamtazama yeye sasa, siyo aliyekosa. Ugomvi wa ndugu hawa wawili ulikuwa wa mpaka huo: masale kadhaa karibu na mfereji yalikauka, yakapandwa mengine, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyesogeza. Walikuwa wanakwenda kanisa moja na hawasalimiani.

Mzee alibaki ameketi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akainuka, akaenda mpaka pale ukingoni, akalipokea jani kwa mikono miwili. Hawakukumbatiana. Mzee alisema tu, "Nyama yako ipo jikoni," na baba mdogo akavuka.

Alhamisi, 26 Desemba

Siku ya kufungua zawadi. Mvua asubuhi, watu wamechoka, watoto wanacheza mpira kwenye matope. Tulitembelea nyumba nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka, na kila nyumba ilikuwa na mtori. Nimejifunza kuchukua bakuli dogo.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimeshuka Moshi mjini kwa sala ya Ijumaa, Msikiti wa Riadha. Mji umefurika. Soko la Mbuyuni halipitiki, nauli ya bodaboda imepanda, na namba za magari ni za kila mahali. Msikitini nao walikuwepo wageni wa Desemba, Waislamu wa Kichaga na Kipare waliotoka Dar, Mwanza na Mombasa kuja kwa wazazi. Watu wengi wa nje hudhani msimu huu ni wa Wakristo peke yao, na hawaoni kwamba likizo za shule zimeufanya uwe wa ukoo mzima. Ukoo mmoja huku unaweza kuwa na padre, mzee wa usharika na imamu, na kaburi la babu yao ni moja.

Nilipata chakula cha mchana na muuza vitambaa, mtu wa Ugweno. Hesabu yake ya mwaka ni ya sikukuu tupu: vitenge vya Noeli, sare za kwaya za Pasaka, kanzu na baibui kabla ya Idi, magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Mwaka 2025 unampa kazi, alisema, kwa sababu Jumatano ya Majivu ni Machi 5 na Ramadhani inatarajiwa kuandama siku chache tu kabla yake. Wakristo na Waislamu watafunga pamoja. Alikuwa na furaha ya kweli juu ya hilo, siyo ya biashara. Alisema mwezi huo hata mikahawa ya mjini itatulia.

Nilirudi stendi kwa miguu nikipita karibu na hekalu la Wahindu. Mji huu una Wahindu, Masingasinga na Mashia wa tangu enzi za reli, na taa za Diwali zilikuwa zimewashwa mwishoni mwa Oktoba, wakati Kilema wanajiandaa kwa siku ya Marehemu.

Jumamosi, 28 Desemba

Kaburi jipya. Baba mkubwa alifariki Julai, akazikwa siku tatu baadaye, lakini msalaba wa kudumu haukuwekwa. Walingoja Desemba, watoto wake wote wawepo. Fundi alimaliza vigae jana usiku kwa mwanga wa taa za gari.

Padre alikuja saa nne. Walisoma historia ya marehemu kwa ukamilifu kuliko siku ya mazishi, kwa maana siku ya mazishi, rafiki yangu alisema, walikuwa wanalia tu. Sasa waliweza kutaja hata madeni yake na kuyalipa pale pale. Mwanawe wa kwanza alisimama na daftari, akaita: mwenye kumdai marehemu aseme. Wawili walisema. Mmoja alisamehe deni lake, mwingine akalipwa hadharani. Kwetu pia deni la maiti halilali, na nilimwambia hivyo yule kijana baada ya ibada. Padre alinyunyiza maji ya baraka, kwaya ya jumuiya ikaimba, na wajukuu wakapanda maua kuzunguka kingo.

Mzee na baba mdogo walishika msalaba pamoja wakati unasimikwa. Sijui kama ilipangwa.

Jumapili, 29 Desemba

Kanisa Katoliki duniani leo wanafungua Jubilei ya 2025 majimboni, baada ya Papa Francis kufungua Mlango Mtakatifu kule Roma usiku wa mkesha wa Noeli. Mzee na Mama waliondoka alfajiri kwenda Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, Moshi. Sisi vijana tulikwenda Marangu kwa shangazi, ambaye ni Mlutheri tangu aolewe.

Ibada ilikuwa ndefu na uimbaji wake wa sauti nne ulinishangaza. Lakini nilichokipenda zaidi ni mnada. Asiye na fedha huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku, mayai kwenye kitambaa, chupa ya maziwa, boga. Baada ya ibada, nje ya kanisa, mzee wa usharika anavinadi kimoja kimoja. Watu wa mjini ndio wanaopandisha bei. Mkungu ambao Himo ni wa elfu kumi na tano uliuzwa kwa sitini, na aliyeununua akaurudisha unadiwe tena. Kuku mmoja aliuzwa na kurudishwa mpaka mwisho akapewa bibi aliyemleta. Nikaona namna sadaka ya mjane inavyokuzwa na watu wengi bila mjane kudhalilika. Nilinunua mayai, nikamkabidhi shangazi.

Jumatatu, 30 Desemba

Kikao cha ukoo, kuanzia saa tatu hadi jua kuzama, chini ya turubai. Ajenda zilikuwa tano na ya mpaka ilikuwa ya mwisho. Walianza na ada: watoto wawili wa marehemu baba mkubwa wanasoma, nani atabeba nini. Kila mtu alisimama na kutaja kiasi mbele ya wote, na katibu akaandika. Aliyeahidi mwaka jana na hakutimiza alisomwa kwa jina. Hakutukanwa, aliulizwa tu. Alieleza kwamba alipoteza kazi, na wakamfutia. Halafu wakajadili kahawa: vijana watatu walijitolea kung'oa mibuni mikongwe na kupanda miche mipya, na mabishano juu ya nani atapalilia wao wakiwa mjini yalikuwa makali. Bibi alikuwa amekaa karibu na mimi, na kila "nani atapalilia" ilipotajwa alitikisa kichwa.

Saa kumi wakateremka wote mferejini. Wazee wawili majirani, wasio wa ukoo, ndio waliokumbuka mstari wa zamani. Mmoja alionyesha jiwe lililofunikwa na majani ambalo ndugu wote wawili walikuwa wamelisahau. Mstari haukuwa wa Mzee wala wa baba mdogo, ulipita katikati ya madai yao. Wakapanda masale mapya papo hapo, ndugu hawa wakichimba kwa zamu, na watoto wote wakaitwa waone na wahesabu miche, wakae na hesabu hiyo kichwani.

Jambo hili lisingewezekana mwezi wa tano. Mashahidi wasingekuwepo, wala watoto wasingeona, na jani lile lingepelekwa kwenye nyumba yenye mtu mmoja.

Jumanne, 31 Desemba

Wengine wanabaki kwa mkesha wa Mwaka Mpya, mimi kazi inaniita. Mama alinifungia ndizi mchare, kahawa iliyokaangwa nyumbani na maparachichi ya kutosha mtaa mzima.

Mzee alinisindikiza mpaka Himo, akakataa kubaki kwenye Noah, akasimama nami kungoja basi. Nilikuwa nimemkaribisha Tanga kwa Idi el-Fitri, na alikuwa amelifikiria. Akahesabu kwa vidole: Idi itakuwa mwisho wa Machi, Pasaka ni Aprili 20, kwa hiyo atakuwa ndani ya Kwaresima. "Ijumaa tu ndiyo sili nyama," akasema. Nikamwambia kwa hesabu za mwezi Idi itaangukia Jumapili au Jumatatu, na hata ingekuwa Ijumaa, Tanga samaki hawajawahi kutuishia. Akataka kujua kama atakuta watu wa ukoo wangu wote au wa nyumba yetu tu. Nikasema wote, na makaburi ya kwetu tunayazuru asubuhi baada ya sala ya Idi, nitamchukua. Akaitikia, akauliza basi la Tanga linatoka Moshi saa ngapi, nikamwandikia saa na namba yangu ya simu nyuma ya karatasi ya michango ya kikao.